Nikeli ya majarini haitoshi

Kaka, umeuliza kama nikeli, kichocheo cha kugandishia majarini, inaweza kugeuza asidi za mafuta ya alizeti kuwa alkoholi. Hapana, haiwezi. Inaongeza haidrojeni kwenye bondi mbilimbili kati ya atomi za kaboni tu: asidi linoleiki inakuwa asidi steariki, yaani bado ni asidi. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, mafuta niliyonunua Mwanjelwa yanamiminika vizuri kwenye chupa huku majarini imekaza, kisu hakipiti. Tofauti hiyo inatokana na bondi hizo. Kundi la kaboksili, sehemu ya molekuli inayoifanya iwe asidi, halijaguswa.

Kundi hilo ni sugu kweli. Viwandani kwa kawaida asidi inageuzwa kwanza kuwa esta ya methili (asidi iliyounganishwa na methanoli), maana asidi yenyewe inakula shaba ya kichocheo. Kisha, ili kupata alkoholi, esta inapitishwa na haidrojeni juu ya shaba kromiti, kichocheo alichokitangaza Homer Adkins wa Marekani mwaka 1931, kwenye nyuzi 200 hadi 300 za sentigredi na mgandamizo wa angahewa 200 hadi 300. Ukitaka kuikabili asidi moja kwa moja, rutheniamu iliyochanganywa na bati, au reniamu, inaweza.

Nafundisha kemia kidato cha sita, na wengi wanachanganya hapa: litiamu aluminiamu haidraidi ya kwenye notisi za darasani inageuza asidi kuwa alkoholi bila mgandamizo, lakini ni kitendanishi, inatumika ikaisha. Si kichocheo, ambacho huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Na tafadhali, haidrojeni ya mgandamizo huo usiijaribu kwenye maabara ya shule.