Kebo ya kuunganisha kompyuta tatu na printa moja
Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba kompyuta zako tatu ziko katika vyumba viwili na printa iko umbali wa takriban mita 12, nakushauri usinunue kebo ndefu ya USB, kwa sababu kebo ya USB 2.0 haipaswi kuzidi mita 5, na ukivuka hapo printa inaweza kupotea kwenye kompyuta au kukatiza kazi katikati. Tazama kwanza nyuma ya printa: ikiwa ina tundu la kebo ya mtandao, unganisha kila kifaa na swichi (kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao) kwa kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e, ambayo hufika mita 100 na hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, kasi inayoitosha printa kabisa. Ninalolisisitiza zaidi ni shaba. Kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya za alumini zilizopakwa shaba, ambazo hukatika upesi zikikunjwa, kwa hiyo muulize muuzaji kama nyaya ni za shaba tupu, na ikibidi ukwangue ncha ya waya uone kama ndani ni nyeupe, yaani alumini. Printa yenye USB pekee iunganishe kwa kebo fupi na kompyuta moja, kisha uishirikishe kwa zilizobaki, ingawa kompyuta hiyo italazimika kuwaka muda wote wa kazi.