Fomu ya Mapato Mnayoitupa Ndiyo Inayojenga Mji

Ndugu zangu mnaoishi kwenye miji midogo ya Iowa, Nebraska na Minnesota, mliofuata kazi za viwanda vya nyama kama nilivyofuata mimi: mtu akibisha hodi na karatasi mkononi, akauliza mko wangapi nyumbani na kwa mwaka mnapata kiasi gani, msimfungie mlango. Mwulizeni ametumwa na nani, awaonyeshe kitambulisho, kisha mjibuni.

Katika mji wetu mimi huandamana na watu wa halmashauri kuwatafsiria Kiswahili wanapofanya zoezi hilo, na milango inayofungwa ni mingi. Sishangai. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anajua kwamba jina lisipokuwa kwenye orodha, mgao wa unga hauji. Aliyekimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo, anajua orodha za namna nyingine, ambazo hakuna anayetaka kuwemo. Na hapa Marekani mhamiaji ana sababu zake za kuogopa karatasi za serikali. Lakini fomu hii ya mapato ina kazi ambayo wengi wetu hatujawahi kuelezwa.

Mtambo wa kusafisha majitaka haushuki bei kwa sababu mji una nyumba chache. Tuchukue mji wenye kaya 400 unaotakiwa kujenga mtambo mpya wa dola milioni 6. Ukigawanya, ni dola 15,000 kwa kila kaya. Nani kati yetu anazo? Sasa weka ruzuku ya serikali ya shirikisho ibebe nusu, na nusu iliyobaki iwe mkopo wa miaka 40. Ukiacha riba, kila kaya inaongezewa kama dola 16 kwa mwezi kwenye bili yake. Hizo hata mama anayelea watoto wanne kwa mshahara mmoja anaweza kuzitafuta.

Mikopo ya muda mrefu hivyo hutolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia kitengo chake cha Rural Development, kwa maeneo ya vijijini na miji isiyozidi watu 10,000, na ruzuku huweza kuongezwa pale ambapo wakazi wana kipato kidogo. Kitengo hichohicho husaidia zahanati, vituo vya kulelea watoto na magari ya zimamoto katika miji isiyozidi watu 20,000. Fuko jingine ni CDBG (Community Development Block Grant), ruzuku ya serikali ya shirikisho ya kuendeleza jamii, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, ambalo miji midogo hulipata kupitia serikali ya jimbo.

Hapo ndipo fomu inapoingia. Ili mradi wa kuhudumia mtaa mzima upewe fedha za CDBG, kwa kawaida angalau asilimia 51 ya wakazi wake wawe wa kipato cha chini au cha wastani, yaani wasizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha familia za eneo lile, yaani kile ambacho nusu ya familia hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu. Takwimu za serikali zikionyesha kwamba mji haufikishi, halmashauri inaweza kufanya utafiti wake, nyumba kwa nyumba. Sasa tazama nani anajibu. Mstaafu mwenye nyumba yake anajibu, tena kwa chai. Familia ya watu saba ndani ya vyumba viwili, baba zamu ya usiku na mama zamu ya mchana, haijibu. Mji unaonekana una fedha kuliko ulivyo, ruzuku inakwenda kwingine, na bili inampandia kila mtu, pamoja na yule aliyefunga mlango.

Sensa ya kila miaka kumi ni vilevile. Majibu yake yanalindwa na sheria: mfanyakazi wa sensa akiyatoa nje anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Utafiti wa halmashauri una taratibu zake, kwa hiyo ulizeni kabla ya kujibu: jina langu litaandikwa? Karatasi hii itahifadhiwa wapi? Ni haki yenu kuuliza.

Wapo majirani zangu wakulima, watu wema sana, wanaosema kwamba mji usioweza kujilipia usiende kuomba Washington. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Katikati ya miaka ya 1930 karibu mashamba tisa kati ya kumi nchini Marekani hayakuwa na umeme, kwa kuwa kampuni ziliona kusimamisha nguzo hadi nyumba zilizotawanyika hakulipi. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt akaunda Rural Electrification Administration, idara ya serikali ya kupeleka umeme vijijini. Ikakopesha vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 mashamba mengi mno yalikuwa na taa. Vyama hivyo vingi vipo hadi leo. Kama unaishi nje ya mji, tazama bili yako ya umeme. Ikiwa inatoka kwenye ushirika, wewe ni mwanachama na una kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka.

Kwa wenye vikundi na makanisa mnaotaka kuomba ruzuku moja kwa moja: usajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya shirikisho ya kusajili waombaji wa ruzuku, ni bure, na huhuishwa kila mwaka. Anayewapigia simu akidai mamia ya dola ili awasajili, mkatalieni. Jueni pia kwamba ruzuku nyingi hurudisha fedha mlizokwisha kutumia, kwa hiyo kikundi kisicho na akiba kitafute kwanza shirika kubwa la kushirikiana nalo.

Mwisho, nendeni kwenye kikao cha hadhara. Fedha za CDBG haziombwi bila wananchi kusikilizwa, na panapotarajiwa watu wengi wasiojua Kiingereza, mahitaji yao ya lugha lazima yaangaliwe. Pigeni simu ofisi ya mji siku kadhaa kabla, muombe mkalimani. Mkifika, ulizeni kiasi gani ni ruzuku na kiasi gani ni mkopo, bili itapanda lini, na mtaa upi utaanza. Ombeni ramani. Mtaa wa nyumba za kupanga ukiwa umeachwa nje, semeni palepale, kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu mkandarasi akishapatikana, kuongeza hata mita mia za bomba kunataka fedha ambazo mji hauna.