Kukurupuka kuna ubaya gani?

Shikamoo mwalimu. Bosi kaniandikia barua kwamba "nilikurupuka" kumjibu mteja. Je, nimetukanwa?

Marahaba. Hujatukanwa, ila hujasifiwa pia. Asili ya kukurupuka ni mwilini. Sungura kajibanza kichakani, mbwa wanakaribia, mara anachomoka mbio bila hata kuchagua njia. Mtu aliyelala akisikia "Moto!" naye hukurupuka: shuka limemzonga miguuni, kandambili moja yake, nyingine ya jirani. Humo mna mambo mawili, ughafla na miguu kutangulia akili. Hilo la pili ndilo lililohamia maofisini na kwenye siasa, tukapata "kauli za kukurupuka" na "uamuzi wa kukurupuka".

Kwa hiyo bosi anasema ulijibu kabla ya kufikiri. Hajasema jibu lenyewe lilikuwa na kosa, na ukitaka kujitetea anzia hapo. Na kama mteja ndiye aliyekubana ujibu palepale, andika kwamba alikukurupusha. Kitenzi kipo, kitumie.

Redio za Kenya husema "mkurupuko wa kipindupindu". Sisi huku Dodoma twasema "mlipuko". Nani kakosea?

Hakuna. Mmoja kaona bomu, mwingine kaona mnyama aliyekuwa kimya majanini akatoka ghafla. Mimi napenda mkurupuko, maana mlipuko una kazi nyingi mno: mabomu, volkano, mitungi ya gesi. Kichwa cha habari "Mlipuko kiwandani" hunilazimu kusoma hadi aya ya pili nijue ni moto au ni kuhara. Ila ukiwaandikia Watanzania, andika mlipuko. Ukisema mkurupuko, wengi watadhani kuna mkubwa kaamua jambo ovyo.

Ni "kurupuka" au "kukurupuka"?

Shina ni kurupuka. Ku- ya mbele ni ile ile ya kusoma na kucheza. Alikurupuka, amekurupuka, usikurupuke.

Watangazaji wa mpira husema timu "imeshindwa kufurukuta". Kuna tofauti na kutapatapa?

Ipo, tena kubwa. Anayefurukuta kabanwa au kafunikwa. Panya akiwa ndani ya gunia la mahindi humwoni. Unaona gunia likivimba huku, likinywea kule. Anayetapatapa hajafunikwa na kitu, ila uhai unamtoka: samaki aliyebwagwa sakafuni mwa mashua, au yule mfa maji wa methali. Basi timu iliyobanwa kwenye nusu yake na dakika bado zipo, hiyo inafurukuta. Iliyokwisha fungwa manne, dakika ya 85, kipa naye kapanda kwenda kupiga kona, hiyo inatapatapa. Watangazaji wetu huyachanganya, na kwa kasi wanayosemea siwalaumu sana.

Degedege linahusiana na ndege? Mwanangu alishikwa nalo, bibi yake akakataza asipelekwe hospitali.

Kwa imani ya wazee wengi wa pwani, ndiyo: kuna ndege, au shetani mwenye umbo la ndege, anayempitia mtoto. Na kweli ukimtazama mtoto, mikono inavyorukaruka, macho yamegeuka juu, huwezi kukosa kuona kupapatika.

Lakini ugonjwa wenyewe ni mishtuko ya mwili inayokuja na homa, hasa kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na kwetu malaria kali ni mojawapo ya sababu zake. Mlaze ubavu mahali pasipo na vitu vya kumwumiza. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, usimkandamize akome kurukaruka. Kisha mkimbize kituo cha afya, hata kama ametulia njiani. Bibi mwambie kwa adabu kwamba dawa yake itasubiri hadi daktari amalize.