Maswali ya Wasomaji: Stemu ya Baiskeli ya Triathloni Ielekee Juu au Chini?

SWALI: Ndugu Mhariri, najiandaa kwa mashindano ya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) ya nusu masafa, ambamo sehemu ya baiskeli ni kilomita 90. Stemu yangu, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na mrija wa uma wa mbele, ina urefu wa milimita 100 na pembe ya nyuzi 6, nayo imefungwa ikielekea juu. Wenzangu wa mazoezi wananishauri ninunue ya nyuzi 17 inayoelekea chini ili nipunguze upepo. Niliazima moja nikaijaribu, lakini kabla ya saa kwisha shingo iliniuma, nikawa nainuka kila mara. Je, pembe ipi ndiyo sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, pembe haiwezi kuwa sahihi wala mbaya kabla hujajua mito ya viwiko, yaani ile ya juu ya usukani unayoegemeza viwiko, inatakiwa kukaa wapi. Stemu ni njia mojawapo tu ya kuifikisha mito hiyo mahali pake. Njia nyingine ni spesa, yaani pete zinazowekwa chini ya stemu, na vipande vya kuinulia mito yenyewe juu ya usukani.

Tuanze na namba, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi. Pembe iliyochapishwa kwenye stemu haipimwi kutoka ardhini, bali kutoka mstari unaokatana na mrija wa uma kwa nyuzi 90. Kwa kuwa mrija huo haukusimama wima, bali umelalia nyuma kwa takriban nyuzi 73 kutoka ardhini, stemu ya nyuzi 17 chini hulala sambamba na ardhi, ilhali ya nyuzi 6 chini bado inapanda kwa nyuzi 11. Ukipiga hesabu kwa stemu ya milimita 100, utaona kwamba jinsi ulivyoifunga sasa inauinua usukani kiasi cha milimita 39 juu ya mahali stemu inapoubana mrija. Ukiigeuza ielekee chini itauinua milimita 19. Na ile ya nyuzi 17 haiuinui hata kidogo. Wenzako, kwa hiyo, walikushusha karibu sentimita 4 kwa mkupuo mmoja na kukusogeza mbele milimita 8. Shingo ilikuwa na haki ya kulalamika.

Kabla ya kugusa stemu tena, kagua kiti. Baiskeli ya triathloni humweka mpandaji mbele zaidi kuliko ile ya kawaida ya mbio za barabarani: mrija wa kiti huwa na pembe ya nyuzi 76 hadi 80 hivi, badala ya 73 au karibu na hapo, ili mwili mzima uzungukie mbele bila nyonga kubanwa. Anayeshusha usukani huku kiti kikiwa kimebaki nyuma ataona mapaja yakigonga tumbo kila pedali inapofika juu, pumzi zitakuwa fupi, na miguu itakosa nguvu, naye atailaumu stemu isiyo na kosa. Kiti kikishatulia, weka mito mahali ambapo mkono wa juu unakaribia kusimama wima na uzito unabebwa na mifupa, si na misuli ya mabega, huku macho yakiiona barabara bila shingo kukunjwa kwa nguvu.

Kwa masafa yako, kwa maoni yangu, mkao wa juu kidogo unaoweza kuudumisha muda wote una faida kuliko wa chini unaoutoroka kila baada ya dakika chache, kwa kuwa kila unapoinuka kifua hukinga upepo wote uliodhani umeukwepa. Hamisha kwanza spesa ya milimita 5 kutoka chini ya stemu kwenda juu yake, bila kukata mrija, kisha uzoee kwa mazoezi kadhaa. Ukifika mwisho wa spesa na bado unastarehe, zirudishe zote chini ndipo ugeuze stemu uliyo nayo, kwani hilo peke yake litakushusha milimita 20 bila gharama yoyote. Stemu ya nyuzi 17 inunuliwe baada ya hapo tu, kama bado inahitajika.

Kumbuka pia kwamba stemu hushusha mito pamoja na usukani wa chini wenye breki, ambao ndio unaoushika mlimani na kwenye kona, ilhali vipande vya kuinulia hubadilisha mito peke yake. Kama tatizo lako ni mito tu, anza na vipande hivyo.

SWALI: Nikigeuza stemu mwenyewe, niangalie nini?

JIBU: Angalia kwanza kama inageuzika, kwa sababu baadhi ya baiskeli za triathloni zina stemu zilizotengenezwa kwa fremu hiyo peke yake, na nyaya hupita ndani yake. Kama ni ya kawaida, hakikisha nyaya za breki na gia hazivutiki usukani unapogeuzwa kushoto na kulia. Unaporudisha, kaza kwanza bolti ya kifuniko cha juu kwa kiasi cha kuondoa ulegevu tu, ndipo ukaze za pembeni kwa spana yenye kipimo, ukifuata namba iliyochapishwa kwenye stemu, ambayo mara nyingi huwa kati ya nyutoni-mita 4 na 6. Kwa mrija wa kaboni usikisie kamwe. Kisha shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia mgongano, legeza bolti za pembeni na uanze upya kutoka kwenye kifuniko.