Seva pepe zinaamka na saa ya jana

SWALI: Nina seva pepe sita za Linux zinazoendeshwa na KVM (programu inayoendesha kompyuta kadhaa pepe ndani ya mashine moja halisi, iitwayo mwenyeji). Usiku nazisimamisha kama dakika 40 ili kuchukua nakala rudufu. Zikiamka, saa zake zinakuwa nyuma na watumiaji wanakataliwa kuingia, ingawa kila moja ina ntpd, programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Je, nichukue pia saa kutoka kwa mashine mwenyeji?

JIBU: Ndugu msomaji, usiongeze chochote kabla ya kutazama logi. Nina hakika ntpd yako haiko hai. Ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000, yaani dakika 16 na ushei, huandika ujumbe mmoja kisha hujizima. Dakika 40 ni sekunde 2400. Ndiyo maana watu wanakataliwa: Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano.

Kosa si la ntpd. Ilibuniwa kwa mashine isiyolala, na hapo tofauti kubwa namna hiyo huashiria chanzo kibovu. Seva pepe ikisimamishwa, dunia inaendelea bila yenyewe. Ikiamka, inahesabu kutoka pale ilipoachia. Hata kuivuta saa polepole hakufai. Kwa sehemu 500 katika milioni, ambayo ndiyo kasi ya juu ya ntpd ya kuvuta saa, sekunde moja hufidiwa kwa sekunde 2000, hivyo dakika zako 40 zingechukua siku 55. Lazima saa iruke.

Ondoa ntpd, weka chrony, programu nyingine ya kusawazisha saa, kisha andika hivi kwenye chrony.conf:

makestep 1 -1
refclock PHC /dev/ptp0 poll 2

Mstari wa kwanza unairuhusu kurusha saa wakati wowote tofauti ikizidi sekunde moja, si mwanzoni tu. Wa pili unaisomea saa ya mwenyeji kila baada ya sekunde nne. Pakia kwanza moduli ya ptp_kvm, inayoipa seva pepe saa ya mwenyeji, la sivyo faili ya /dev/ptp0 haitakuwepo. Wengi huruka hatua hii, wakategemea seva za mtandaoni peke yake, ambazo chrony iliyotulia huweza kuziuliza mara moja tu kwa sekunde 1024. Robo saa nzima ya watu kukataliwa asubuhi!

Kwa hiyo ndiyo, chukua saa ya mwenyeji, lakini kupitia chrony. Mafahali wawili hawakai zizi moja: programu mbili zikirekebisha saa ileile, kila moja itaharibu hesabu ya mwenzake. Mwenyeji naye aendeshe chrony yenye vyanzo vinne. Viwili vikipingana, haijulikani kipi ni cha kweli.

Hifadhidata ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Kuruka mbele inastahimili, lakini isipokee maandishi mapya wakati saa bado iko nyuma. Baada ya kuamsha, endesha chronyc waitsync, ndipo uwafungulie watumiaji. Kisha tazama chronyc tracking: mstari wa System time usome sehemu ndogo tu ya sekunde.