Jibu: Rangi ya tatu inahama kwenye chapa ya mdiria

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: unapiga chapa kwa lino moja (bamba laini la kuchongwa) kwa kupunguza, yaani kila baada ya rangi unalichonga zaidi na kuchapa rangi inayofuata juu yake; rangi ya chungwa na bluu zimekaa sawa, ila bluu nzito ya mwisho imehama kama milimita 2 na mdomo wa ndege unaonekana mara mbili, tena wino unang'aa na kuteleza.

Kwanza chukua rula. Mhamo ukiwa sawa pande zote, karatasi haikukaa vizuri kwenye kona ya kuilinganisha na lino. Ukiongezeka kadiri unavyoenda mbali na kona, huenda karatasi ndiyo imebadilika ukubwa. Hukusema kama uliilowanisha. Karatasi yenye unyevu hutanuka, ikikauka husinyaa, basi tabaka linalofuata haliwezi kulingana. Ukichapa kwa kusugua na kijiko cha mbao, piga rangi zote karatasi ikiwa kavu, nyembamba kiasi.

Kona itengeneze kwa kadibodi yenye unene wa lino, igundishe kwenye ubao, lino likae bila kucheza. Weka alama ya penseli nyuma ya kila karatasi ili uingize upande uleule kila mara.

Kule kung'aa na wino kuteleza ni wino mwingi. Rola ya kupakia wino inong'one tu. Ikilia kama utepe unaobanduliwa, punguza. Wino wa mafuta uache siku 2 au 3 kati ya rangi.

Zilizohama hazirudi, lino limeshachongwa. Zitumie kujaribia rangi. Safari ijayo ukitaka nakala 10, anza na 14.