Gion Matsuri: Nenda Kyoto wiki ile ambayo wengi wameshaondoka

Kila inapokaribia Julai, wanaojiandaa kwenda Japani huniuliza kama wawe Kyoto tarehe 17, siku ya maandamano makubwa ya Gion Matsuri. Nawajibu: ukiweza kukaa mwezi mzima, kaa. Kama una siku chache tu, ziwe tarehe 20 hadi 24.

Sherehe hii ni ya hekalu la Yasaka, na asili yake ni mwaka 869, maradhi yalipokuwa yakiwamaliza watu wa mji. Ilisimamishwa mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi, kuomba balaa liondoke. Magari marefu yanayokokotwa barabarani leo yanatokana na ibada hiyo. Maandamano yake ni mawili: tarehe 17 na tarehe 24. Mwaka 1966 yaliunganishwa yakawa ya siku moja, na mwaka 2014 wenyeji wakayatenganisha tena kama zamani.

Yale ya kwanza yana fahari yake. Gari liitwalo Naginata-hoko hutangulia, na mtoto wa kiume aliyeketi juu yake hukata kwa upanga kamba takatifu iliyofunga njia. Lakini jioni za kabla yake, hasa tarehe 15 na 16, barabara ya Shijo hujaa watu hadi unapelekwa na umati usipotaka, na harufu ya vyakula vya kukaanga inakufuata kila uchochoro. Katika nusu ya pili, kuelekea tarehe 24, vibanda vya vyakula havipo. Jioni ukipita barabara ya Shinmachi, kandili zimewashwa, unasikia filimbi na upatu juu ya gari, na wazee wa mtaa wana nafasi ya kukueleza gari lao lina kisa gani. Kila gari ni mali ya mtaa wake, na wazee hao hulizungumzia kama watu wanaozungumzia ukoo wao. Ofune-hoko, lenye umbo la jahazi, liliungua katika moto wa mwaka 1864 na halikurudi kwenye maandamano hadi 2014. Miaka 150 mtaa ulihifadhi vilivyookolewa, ukisubiri.

Usikose kuona magari yakijengwa, kazi inayoanza siku chache kabla. Mafundi hawapigi msumari. Mbao zote hukazwa kwa kamba za majani ya mpunga, zikapishwa na kusokotwa kwa mpango maalumu. Kwa sisi tuliosikia habari za mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi, kazi ile inagusa moyo. Tarehe 20 magari hujaribiwa, na wapita njia huruhusiwa kushika kamba na kuvuta. Shika! Hakuna njia bora ya kuuelewa uzito ule.

Asubuhi ya tarehe 24, simama karibu na kona ya Kawaramachi na Oike. Magurudumu hayawezi kukata kona, kwa hiyo hutandazwa vipande vya mianzi, vikamwagiwa maji, kisha gari zima likavutwa kiubavu kwa mikupuo michache. Tazama pia mapambo ya gari la Koi-yama: ni zulia la ukutani lililofumwa Ubelgiji katika karne ya 16, lenye picha ya vita vya Troya.

Wageni wengi huondoka mchana, nami nawasikitikia, kwa sababu kiini cha sherehe ni usiku. Magari ya asubuhi kazi yake ni kusafisha njia. Miungu yenyewe husafiri usiku katika mikoshi tatu, vihekalu vya dhahabu vinavyobebwa mabegani. Tarehe 17 hutoka Yasaka, tarehe 24 hurudi. Wabebaji hupaza sauti "hoitto, hoitto" huku wakivirusha juu, na ukiwa kando ya barabara kifua chako kinatetemeka.

Ukinunua chimaki, usifungue ukitafuta chakula. Ni hirizi ya majani ya mwanzi, hutundikwa mlangoni mwaka mzima.

Katika mtaa wa Gion, vichochoro vingi ni mali binafsi na vibao vinatangaza faini ya yeni 10,000 kwa anayeingia bila ruhusa. Ukimwona maiko, msichana anayejifunza kazi ya geisha, anaelekea kazini, mpishe. Usimkimbilie na simu. Anawahi wateja wake.

Joto la Julai linapita digrii 35 na unyevu ni mwingi, hata kwa mtu wa Dar au Mombasa. Tembea asubuhi na jioni, mchana ingia ndani. Anayekula halali aulize kuhusu mirin na sake, vileo vya mchele, maana huingia hata kwenye mchuzi wa mboga.

Vyumba huisha mapema, hivyo viza na malazi visingoje Juni. Ukikosa Kyoto, lala Otsu, dakika kama kumi kwa treni, au Osaka, takriban nusu saa kwa treni ya haraka.